Chapa ya Mawe na Sura za Watu: Juu ya Picha za Zamani za Usukuma na Uzinza

Nchi zilizoko kusini mwa Ziwa Viktoria, yaani Shinyanga, Kahama, Geita na viunga vyake, ni nchi za mawe. Msafiri aendaye kutoka Shinyanga kuelekea Mwanza huona marundo ya itale yamepandana kana kwamba yamepangwa kwa mikono ya majitu. Huko Geita miamba ni ya namna nyingine, ya kale sana, nayo ina mishipa yenye dhahabu. Mgodi wa Geita ulichimbwa tangu miaka ya 1930 mpaka mwaka wa 1966, ukafunguliwa tena mwaka wa 2000. Na pale Mwadui, John Williamson, mjuzi wa miamba aliyetoka Kanada, aligundua mwaka wa 1940 chimbuko la almasi lililoitangaza Shinyanga duniani. Lakini katika mawe hayo yote halimo jiwe moja ambalo katika karne ya 19 lilizibeba sura za watu na kuzieneza kila upande, nalo ni lile jiwe laini la chokaa la kupigia chapa.

Katika makala haya nakusudia kueleza sanaa ya jiwe hilo kwa kadiri inavyohusu picha za watu, kisha kuuliza swali lituhusulo sisi: sura za watu wa Usukuma, Unyamwezi na Uzinza ziliingiaje katika vitabu vya karne ile, na mwanahistoria wa leo aziamini kwa kiasi gani? Swali hili si la anasa. Picha hizo zimenakiliwa mara nyingi katika vitabu vya shule na kuta za makumbusho, na mtazamaji hudhani kwamba anamwona mtu mwenyewe, kumbe mara nyingi anaona kazi ya mikono miwili au mitatu ambayo haikumwona mtu yule hata siku moja. Wanavyuoni wetu wa pwani hawakubali hadithi ila kwa isnadi yake, yaani wajue nani aliipokea kutoka kwa nani mpaka asili yake. Hoja yangu ni kwamba picha nayo ina isnadi, na aliyeijua chapa aweza kuisoma isnadi hiyo katika karatasi yenyewe.

Yafaa tuanze na maneno. Neno *chapa* lilitufikia kwa njia ya Bahari ya Hindi. Katika Kihindi twalikuta *chhap*, na katika Kiajemi *chap*, na maana yake huko ni ile ile tuijuayo: alama inayotiwa kwa kukandamiza kitu juu ya kitu. Kiswahili kimelitumia kwa kitabu na kwa ng'ombe pia, maana mfugaji hutia mnyama wake chapa kwa chuma cha moto ili ajulikane ni wa nani. Waajemi, ilipowafikia sanaa ya kuchapa kwa jiwe, waliiita *chap-e sangi*, yaani chapa ya mawe, na Waarabu nao waliitaja kwa jina la jiwe, *hajar*. Kwa hiyo nikisema chapa ya mawe sitoi tafsiri ya neno geni la Ulaya. Nafuata njia ambayo jamaa wa lugha yetu katika bahari hii waliipita zamani. Neno *lithografia* laweza kubaki kwa ajili ya mitambo ya sasa, ambayo haitumii jiwe tena bali bamba la madini.

Neno la pili ni *sanamu*. Leo msikiaji wa neno hili hufikiri kitu kilichochongwa au kufinyangwa. Lakini katika kamusi za mwanzo wa karne ya 20 *sanamu* ni mfano wa kitu kwa namna yo yote, uwe wa mti, wa jiwe au wa kuandikwa juu ya karatasi. Lilipokuja neno *picha* kutoka Kiingereza, pamoja na sanduku la kupigia picha, *sanamu* ilisukumwa upande mmoja. Tena tazama kitenzi: twapiga chapa, twapiga picha. Lugha imeona katika kazi zote mbili tendo moja la haraka, kama pigo. Picha iliyochorwa juu ya jiwe haipigwi kwa haraka hata kidogo, na kwa sababu hiyo hapa chini nitatumia *kuchora* kwa kazi ya mkono, *kupiga picha* kwa kazi ya kioo na mwanga, na *kupiga chapa* kwa kuzidisha nakala. Tukiyachanganya matendo haya matatu hatuwezi kuieleza isnadi ya picha yo yote.

Sasa niieleze sanaa yenyewe. Aliyeivumbua ni Alois Senefelder, mtu aliyezaliwa Prague mwaka wa 1771 na kuishi München. Alikuwa mtungaji wa michezo ya kuigiza, naye alitafuta njia rahisi ya kuchapa maandiko yake. Mwaka wa 1796 alianza kujaribu jiwe la chokaa la Bavaria, na baada ya miaka miwili alikuwa amepata siri yote. Siri hiyo kila mpishi aijua: mafuta na maji hayapatani. Mchoraji huandika juu ya jiwe kwa kalamu ya mafuta iliyofanyizwa kwa nta, sabuni, shahamu na masizi. Kisha jiwe hupakwa gundi ya mgunga iliyotiwa tindikali kidogo, ili mahali palipoandikwa pashike mafuta na mahali patupu papende maji. Baada ya hapo jiwe hulowanishwa, na wino wenye mafuta hupitishwa juu yake kwa mche wa mviringo uliovikwa ngozi. Wino hukataa mahali penye maji na kushika mahali palipoandikwa. Karatasi huwekwa juu, hukandamizwa, na picha hutoka. Kazi hurudiwa tangu kulowanisha mpaka kukandamiza, nakala mamia kwa mamia.

Si kila jiwe lafaa. Jiwe bora lilitoka Solnhofen katika Bavaria. Chembe zake ni ndogo mno na zalingana, hata laweza kunywa maji na mafuta kwa kipimo kimoja mahali pote. Itale ya Shinyanga haiwezi kazi hii, kwa kuwa imefanyizwa kwa chembe kubwa za madini mbalimbali, kila moja na tabia yake. Nayo miamba ya Geita na Mwadui, pamoja na thamani ya vilivyomo, haina usawa unaotakiwa. Gundi tu ndiyo ingepatikana, maana migunga si migeni Shinyanga.

Kabla ya Senefelder palikuwa na njia mbili kubwa za kuchapa picha. Ya kwanza ni chapa ya ubao. Mchongaji huondoa sehemu zinazotakiwa kuwa nyeupe, na zile zilizobaki juu ndizo zinazopakwa wino. Ya pili ni chapa ya shaba. Hapa mistari huchimbwa katika bamba, wino hukaa ndani ya mashimo, na uso wa bamba hufutwa. Katika njia zote mbili lazima awepo fundi mwenye chuma cha kuchongea, na mara nyingi fundi huyo si yule aliyechora. Chapa ya mawe ilileta jambo jipya: uso wa jiwe ni sawa, hauinuki wala hauchimbwi, na mchoraji aweza kuandika juu yake mwenyewe kama aandikavyo juu ya karatasi. Mkono wake ndio unaoonekana, hata kutetemeka kwake.

Kwa sababu hiyo picha za sura za watu zilipenda jiwe. Katika uso wa mtu kivuli kidogo chini ya jicho au pembeni mwa mdomo hubadili maana yote, na kalamu ya mafuta yaweza kuleta kivuli hicho polepole, tangu kijivu hafifu mpaka weusi kamili. Huko Vienna, Josef Kriehuber, aliyeishi tangu 1800 mpaka 1876, alichora juu ya mawe sura za watu zipatazo 3,000, wafalme, waganga, wapiga muziki na wafanya biashara, hata mtu aweza kusema kwamba mji mzima umehifadhiwa katika kazi yake. Baadaye ilikuja chapa ya mawe ya rangi nyingi, kila rangi na jiwe lake. Godefroy Engelmann aliipatia hati ya haki huko Ufaransa mwaka wa 1837. Kwa njia hiyo gazeti la London liitwalo Vanity Fair lilichapa kila juma sura ya mtu mashuhuri kwa rangi. Tarehe 2 Novemba 1872 zamu ilikuwa ya Henry Morton Stanley, aliyekuwa amerudi kutoka Ujiji. Mchoraji wake alikuwa Adriano Cecioni. Msomaji aikumbuke picha hii, maana tutairudia.

Katika Afrika ya Mashariki mfano mkubwa wa picha za watu zilizochapwa kwa mawe ni kazi ya Charles Guillain, nahodha Mfaransa. Katika miaka ya 1846, 1847 na 1848 alizunguka pwani yetu kwa merikebu iitwayo Ducouëdic, akafika Unguja na bandari za Wasomali. Taarifa zake zilitoka Paris kuanzia mwaka wa 1856, pamoja na kitabu kikubwa cha picha zilizochapwa kwa mawe katika kiwanda cha Lemercier. Sehemu ya picha hizo ilitokana na michoro ya mkono, na sehemu ilitokana na picha za Daguerre, ufundi uliotangazwa mwaka wa 1839.

Hapa msomaji ataona kwa nini kioo kilihitaji jiwe. Picha ya Daguerre ilikuwa moja tu, juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha. Haikuweza kuzaa nakala. Mwenye kutaka watu elfu waione ilimpasa kumpa mchoraji, naye aiandike upya juu ya jiwe. Basi isnadi ya sura za Guillain ni hii: uso wa mtu, bamba la fedha, macho na mkono wa mchoraji wa Paris, jiwe, karatasi. Kati ya mtu wa Unguja na msomaji alisimama mtu mmoja ambaye hakupata kufika Unguja. Hii si isnadi mbaya, lakini yatupasa kuijua, maana mchoraji huyo alikuwa na desturi za Paris machoni pake, na pale alipokuwa na shaka juu ya mshono wa nguo au umbo la pua, alijaza kwa mazoea yake.

Kuna jambo jingine dogo lenye faida kubwa kwa mwanahistoria, nalo ni mkono wa kuume na wa kushoto. Picha ya Daguerre hugeuza upande, kama kioo cha kujitazamia. Chapa ya mawe nayo hugeuza upande, kwa kuwa karatasi hulala kifudifudi juu ya jiwe. Kwa hiyo mchoraji akiinakili picha ya Daguerre juu ya jiwe kama aionavyo, makosa mawili hurekebishana na karatasi husema kweli. Lakini akinakili mchoro wa penseli juu ya jiwe au ubao bila kuugeuza kwanza, mtu ashikaye mkuki kwa mkono wa kuume atatokea ameushika kwa wa kushoto. Mafundi stadi walijua hila za kuugeuza mchoro kwanza. Hata hivyo yeyote anayetaka kusema habari za mavazi, silaha au bangili kwa kutegemea picha ya zamani hana budi kuuliza kwanza kama picha ile imegeuka.

Tuiache pwani sasa, tuingie bara. John Hanning Speke alitoka Tabora mwezi wa Julai 1858, akapita katika nchi ambayo sehemu yake kubwa ni Mkoa wa Shinyanga wa leo, akaliona Ziwa karibu na Mwanza mwanzoni mwa Agosti. Mwaka wa 1861 alirudi kwa njia ya magharibi zaidi, pamoja na James Augustus Grant. Safari hii ya pili ndiyo inayotuhusu, kwa kuwa Grant alikuwa mchoraji mwenye jicho zuri. Walikuwa wamechukua vyombo vya kupigia picha, na Grant alivitumia Unguja. Lakini joto ndani ya hema la giza lilikuwa kali mno, akaviacha, akashika penseli na rangi za maji. Hivyo basi bara ilichorwa kwa mkono kwa sababu ya jua.

Speke alizuiliwa muda mrefu katika Uzinza, nchi ambayo sehemu yake sasa imo katika Mkoa wa Geita. Alisumbuliwa na ugonjwa, na watawala Makaka na Lumeresi walimdai hongo. Wakati huo Grant alikuwa amebaki nyuma katika Unyamwezi, kwa mtemi Ukulima, na mwezi wa Septemba msafara wake ukavamiwa na watu wa Myonga kabla hajamfikia mwenziwe. Basi katika miezi ile ambayo Uzinza ilikuwa mbele ya macho ya Speke kila siku, mwenye kalamu bora alikuwa mahali pengine, na michoro ya Unyamwezi ilipata muda mrefu ambao Uzinza haikuupata. Hata mambo ya hongo na homa yana sehemu yake katika historia ya picha.

Kitabu cha Speke kilitoka mwaka wa 1863, nacho kina picha nyingi zilizotokana hasa na michoro ya Grant. Lakini picha hizo hazikuchapwa kwa mawe; zilichapwa kwa ubao. Sababu yake ni ya biashara. Ubao waweza kufungwa pamoja na herufi za risasi katika mtambo mmoja, maneno na picha zikachapwa kwa pamoja. Jiwe halipatani na herufi, lazima picha yake ichapwe peke yake na kutiwa kitabuni baadaye, na gharama huzidi. Kwa msafiri aliyetaka kuuza maelfu ya vitabu, ubao ulishinda. Isnadi ikarefuka: uso wa mtu, mchoro wa Grant uliofanywa kwa haraka njiani, mchoraji wa London kama J. B. Zwecker aliyeutengeneza upya ili upendeze, mchongaji aliyeufuata kwa chuma, kisha karatasi. Zwecker alikuwa bingwa wa kuchora wanyama na mikutano yenye watu wengi, lakini hakuwahi kumwona mtu wa nchi hizi kwao. Aliyezitazama nyuso za watu katika vitabu vya wakati ule atatambua jinsi zinavyofanana, kana kwamba wote ni watoto wa baba mmoja. Ufanano huo ni wa karakana. Si wa Unyamwezi.

Stanley alifuata mwaka wa 1875. Alipita Usukuma, akafika Kagehyi kwenye pwani ya Ziwa tarehe 27 Februari. Yeye alikuwa na sanduku la kupigia picha, na kitabu chake cha mwaka wa 1878 kina picha zilizotokana na kazi ya sanduku hilo pamoja na michoro yake. Lakini hata picha iliyopigwa kwa mwanga ilipaswa bado kupita chini ya chuma cha mchongaji, maana ubao ulikuwa ungali mtawala wa vitabu. Sasa tuikumbuke ile picha ya Vanity Fair. Stanley mwenyewe alipata jiwe, rangi, mchoraji aliyetajwa, na jina lake. Wengi katika watu waliomwuzia chakula, waliombebea mizigo na kumwonyesha njia katika Usukuma, hawakupata hata jina. Mizani ya heshima katika karne ile ilionekana hata katika kuchagua kitu cha kuchapia.

Mwisho wa karne ufundi ulibadilika tena. Mwaka wa 1882 Georg Meisenbach wa München alipata hati ya haki kwa chapa ya vitone, ambayo huivunja picha kuwa vitone vikubwa na vidogo ili iweze kuchapwa pamoja na herufi. Zaidi ya hayo palikuwa na ndugu wa chapa ya mawe, ambayo Wadachi waliiita *Lichtdruck*, yaani chapa ya nuru. Badala ya jiwe hutumiwa kioo kilichopakwa jelatini yenye dawa inayogeuzwa na mwanga. Palipopigwa na mwanga jelatini hukauka na kushika wino, na palipofunikwa hunywa maji na kuukataa. Kanuni ni ile ile ya Senefelder, mafuta na maji, lakini mkono wa mchoraji umeondolewa. Kwa mara ya kwanza isnadi ilifupika mpaka kuwa uso, mwanga, kioo, karatasi.

Oscar Baumann, Mwaustria, aliipita Ngorongoro mwezi wa Machi 1892, akafika Ziwa, akazunguka nchi za kusini mwake, akaingia Burundi mwezi wa Septemba. Kitabu chake kilichotoka Berlin mwaka wa 1894 chatufaa kama chuo kidogo cha ufundi, maana ndani yake mna chapa ya nuru, chapa ya vitone na chapa ya shaba iliyoandaliwa kwa mwanga, na picha zilitokana na picha na michoro yake mwenyewe, zikatengenezwa na Rudolf Bacher na Ludwig Hans Fischer. Katika jalada moja msomaji aweza kuona sura iliyopita katika mwanga peke yake na sura iliyopita katika kalamu ya Vienna. Miaka michache baadaye Paul Kollmann, afisa wa jeshi la Wadachi, alitoa kitabu juu ya watu wa Ziwa, wakiwamo Wasukuma na Wazinza, kilichotokea kwa Kiingereza mwaka wa 1899. Kitabu hicho kina picha mamia, tena kina mifano ya lugha za huko. Ni jambo la kuzingatia kwamba mtu yule yule alikusanya maneno na nyuso kwa pamoja, na wataalamu wa lugha wameyapima maneno yake kwa uangalifu kuliko walivyozipima picha zake.

Hapa nafika penye jambo zito zaidi kuliko ufundi, nalo ni jina. Kufupika kwa isnadi hakukumrudishia mtu jina lake. Desturi ya vitabu vya wakati ule ilikuwa kumwandika mtu kama mfano wa kabila, si kama fulani bin fulani. Picha ya Kriehuber bila jina ingekuwa kazi isiyokamilika, kwa sababu picha ya sura ni ahadi kwamba mtu huyu, na si mwingine, alikuwako. Picha iliyoandikwa "Msukuma" imeivunja ahadi hiyo. Basi tuna picha za aina mbili zinazofanana kwa macho na kutofautiana kwa maana: moja ni ya mtu, nyingine ni ya dhana ya mwandishi juu ya watu. Mwanahistoria anayeitumia ya pili kana kwamba ni ya kwanza atapotosha.

Nieleze sasa jinsi ya kuisoma isnadi katika karatasi. Kitakiwacho ni kioo cha kukuzia. Chapa ya ubao huonyesha mistari iliyokatwa, hasa ile mistari myeupe inayopita katika weusi, na kingo zake ni kali. Chapa ya shaba huacha wino uliosimama juu ya karatasi, hata kidole huusikia, na pembeni huwa na alama ya bamba lililokandamizwa. Chapa ya mawe huonyesha chembe zisizo na mpango, kama kalamu laini ipitayo juu ya karatasi yenye mkwaruzo, kwa sababu jiwe husuguliwa kwanza kwa mchanga na maji ili kalamu ishike. Chapa ya nuru ina mikunjo midogo mno, kama matope yaliyokauka na kupasuka. Chapa ya vitone hujisema yenyewe. Anayepata picha ya zamani na kuona vitone asidhani ameshika asili; huenda ameshika nakala ya chapa ya ubao iliyonakili mchoro, na isnadi imerefuka tena.

Wala isidhaniwe kwamba nchi hizi zilingoja wageni ili ziwe na michoro. Hans Cory, Mwaustria aliyetumikia Serikali ya Tanganyika kama mchunguzi wa mila, alitoa mwaka wa 1953 kitabu juu ya michoro ya ukutani ya chama cha wachezeshaji nyoka katika Usukuma. Michoro hiyo ilifanywa ndani ya nyumba za chama kwa rangi za udongo, masizi na chokaa, nayo ilikuwa na maana kwa waliofundishwa, kama maandishi yasivyo na maana kwa asiyejua kusoma. Kuta za udongo hazidumu. Kilichodumu ni chapa. Katika jambo hili mchoraji wa Usukuma yumo katika hali moja na mtu aliyechorwa na Grant: sisi twamfikia kwa nakala tu. Tofauti ni kwamba hapa mwenye kuona na kuchagua mstari alikuwa mwenyeji.

Picha yenye jina ilifika vijijini kwa njia isiyotazamiwa, yaani kwa fedha. Noti za rupia 50 na 100 za Wadachi, zilizotolewa mwaka wa 1905, zilikuwa na sura ya Kaisari Wilhelm II. Baada yake zilikuja noti za shilingi zenye sura ya Mfalme George V, George VI na Malkia Elizabeth. Mwaka wa 1964 Bodi ya Sarafu ya Afrika ya Mashariki ilitoa noti isiyo na sura ya mtu, ila chombo cha tanga juu ya Ziwa Viktoria. Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa tarehe 14 Juni 1966, na noti zake za kwanza zikabeba sura ya Julius Nyerere. Mwaka ule ule mgodi wa Geita ulifungwa. Hivyo wachimbaji wa Geita, kwa muda wote wa mgodi ule wa kwanza, walilipwa kwa karatasi zenye sura za wafalme wa ng'ambo, au zisizo na sura kabisa, na ile yenye sura ya mtu wa nchi yao ilikuta mgodi unafikia mwisho wake.

Noti za namna hiyo kwa kawaida huunganisha sanaa mbili tulizozitaja: rangi na nakshi za nyuma ni lithografia, lakini uso wa mtu huchimbwa katika bamba la madini, ili wino uinuke na kidole kiutambue. Lithografia, iliyosifiwa kwa wepesi wa kunakili, imewekwa nyuma kwa sababu ya wepesi huo huo. Anayeogopa mwigaji huficha uso mahali pagumu. Hata hivyo ndiyo inayotawala kila mahali pengine. Mwanzoni mwa karne ya 20 Ira Rubel wa Marekani alitengeneza mtambo ambao bamba humpa mpira picha, na mpira huipa karatasi. Kwa mtambo wa jinsi hiyo zimechapwa kalenda, vitabu vya shule na picha za viongozi zinazotundikwa ukutani katika ofisi za Shinyanga na Geita kama katika nchi nyingine zote. Jiwe limeondoka, kanuni ya mafuta na maji imebaki.

Basi kazi iliyobaki kwa wachunguzi ni ya namna mbili, na yafaa zifanywe kwa pamoja. Ya kwanza ni kuandika upya maelezo ya kila picha ya zamani ya Usukuma, Unyamwezi na Uzinza inayowekwa katika kitabu au makumbusho, kama vile yale ya Bujora, ili isnadi yake itajwe wazi: mahali, mwaka, aliyechora au kupiga picha, aina ya chapa, na kama upande umegeuka. Pasipo na jina, paandikwe waziwazi kwamba jina halikuandikwa, wala pasijazwe jina la kabila kana kwamba latosha. Ya pili ni kuzipeleka picha hizo kwa wazee wa mahali zilipochorwa, pamoja na orodha za watemi na simulizi za misafara, na kuuliza habari za mavazi, vipuli, mitindo ya nywele na silaha. Mzee wa Kizinza aweza asimtambue mtu, lakini akautambua ushanga na kusema ulivaliwa na nani na kwa sababu gani. Na neno lake hilo, likiandikwa pamoja na jina lake yeye mwenyewe, laingia katika isnadi ya picha mahali ambapo kwa muda wa miaka 160 pamekuwa patupu.